Jiji la Arua lihesabu miti yake kabla ya kuimaliza

Tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua si manispaa tena bali ni jiji. Mipaka yake imeruka mitaa ya zamani na kuimeza Ayivu, na vijiji vilivyojulikana kwa mihogo na ufuta sasa viko ndani ya jiji. Matokeo yake kila apitaye anayaona. Viwanja vinapimwa, maduka yanajengwa, mabati mapya yanametameta kila upande, na miti inaondoka. Haiondoki kwa kishindo hata watu washtuke. Leo unaangushwa mwembe mmoja kupisha ukuta, wiki ijayo mkangazi wa kando ya barabara, mwezi ujao miti mitatu nyuma ya msikiti au kanisa, na kila mmoja unaondolewa kwa sababu inayoonekana nzuri.

Sina ugomvi na ujenzi. Wengi wetu tuliokulia ukimbizini tulirudi tukakuta magofu na vichaka, na anayejenga leo simlaumu. Ninachouliza ni hiki: jiji linajua lina miti mingapi, ya aina gani, mahali gani? Vibanda vya soko vina namba, na mwenye kibanda akichelewesha ushuru anatafutwa siku hiyo hiyo. Mti haumo katika daftari lolote ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kwenda ofisini akalitazama, na kisichoandikwa hakina wa kukililia kinapotoweka.

Wataalamu wanaiita miti hii msitu wa mjini. Jina hilo linaweza kuchekesha, maana sisi tukisikia msitu tunafikiria Budongo, Mabira au Zoka kule Adjumani. Lakini maana yake ni miti yote iliyo ndani ya mji: ya kando ya barabara, ya shuleni, ya makaburini, ya kando ya mto Enyau, ya msitu wa Barifa, na ile miembe ya uani kwetu. Kwa hesabu hiyo, miembe yote ya Ayivu iligeuka kuwa msitu wa mjini kwa siku moja, bila yenyewe kuambiwa.

Siku hizi vyuo vikuu vina wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaotumia miaka mitatu, minne, kuuchunguza msitu wa namna hii: unahifadhi kaboni kiasi gani, na unapunguza joto la mji kiasi gani. Yako maswali mawili hapo, na naona tukiyachanganya tutapotea. Nianze na hilo la kaboni, kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi kwenye semina na ndilo linaloleta wageni wenye mikataba.

Kaboni hatuna haja ya kuielezwa na mzungu. Tunaiona kila siku ndani ya gunia la mkaa. Mti unavuta hewa ya ukaa kutoka angani, unaichambua kwa nguvu za jua, na kaboni iliyomo unaigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Ukiuacha umesimama, kaboni hiyo inakaa humo. Ukiuchoma, inarudi angani.

Kuipima si uchawi. Mpimaji anasimama karibu na mti, anainua utepe hadi kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua, na kupima mzingo wa shina. Tuchukue mwembe ambao mzingo wake ni sentimeta 250. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha karibu sentimeta 80. Tuseme una kimo cha mita 15, na tuzingatie uzito wa mbao za mwembe. Ukiziingiza tarakimu hizo katika kanuni inayotumiwa sana kwa miti ya nchi za joto, utapata kwamba mti huo, bila mizizi, ukikaushwa una uzito wa takriban tani 2.7. Ndani yake kuna kaboni ya kama tani 1.3. Kwa kipimo cha hewa ya ukaa hiyo ni tani 4.7 hivi.

Sasa tuufanye biashara, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa hesabu za mizani. Tanuri la udongo linalotumiwa na wachoma mkaa wetu linatoa mkaa wa kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa kuni. Tuseme 15. Mwembe wetu utatoa kilo 400, yaani magunia manane ya kilo 50. Basi. Zaidi ya nusu ya kaboni imekwisha kupaa na moshi wa tanuri hata kabla sufuria ya kwanza haijainjikwa. Mwembe uliochukua miaka 40 kukua unamalizwa na hoteli moja ya chapati kabla watoto hawajafunga shule.

Na ukiuuza kama kaboni badala ya mkaa? Tuseme mnunuzi wa Ulaya anatoa dola 10 kwa tani ya hewa ya ukaa. Hizo ni dola 47, tena mara moja tu, si kila mwaka, na kabla hazijakufikia zimepita kwa mpimaji, mkaguzi, wakala na benki. Kwa hiyo mtu asije akawaambia watu wa Arua na Koboko kwamba miembe ya mjini itatutajirisha kwa kaboni. Haitatutajirisha. Wenzetu wa Lango wanayo habari ya kutusimulia. Kule Kachung, wilayani Dokolo, kampuni ya Norway iitwayo Green Resources ilipanda miti ndani ya hifadhi ya msitu ili kaboni yake inunuliwe na Wakala wa Nishati wa Sweden. Wanavijiji waliozoea kulima na kuchunga humo walilalamika kwamba wamezuiwa, malalamiko yakafika Ulaya, na mwezi Novemba 2015 Waswidi wakasimamisha malipo. Mkulima wa Dokolo hakuwa ameketi mezani wakati mkataba unaandikwa.

Swali la pili, la joto, ndilo letu hasa.

Arua iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na wazee wanajisifu kwamba hali yake ya hewa ni nzuri. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba sibishani nao. Lakini nenda sokoni mwezi Januari, saa nane mchana, ukae na mama auzaye nyanya chini ya turubai. Au nenda Oraba, ambako malori ya kwenda Kaya na Yei yanasubiri makaratasi, uone madereva na mataniboi wanakimbilia wapi. Wanagombania kivuli cha mti, na mti ukianguka wanalala chini ya lori.

Mti unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuzuia miale ya jua isifike kwenye lami, kwenye mabati na kwenye kichwa cha mtu. Ya pili haionekani kwa macho. Mizizi inavuta maji ardhini, majani yanayatoa kama mvuke, na maji hayawezi kuwa mvuke bila kunyonya joto. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa lita 100 kwa siku. Nishati inayohitajika kuzigeuza lita hizo kuwa mvuke ni sawa na yuniti 68 za umeme. Wanaonunua yuniti wanajua 68 ni pesa gani! Ni kama kuwasha mashine mbili za kupoza hewa kutwa nzima, bila bili na bila jenereta.

Hapo ndipo utafiti unapokuwa na faida, kwa sababu mambo si mepesi kama yanavyosemwa kwenye hotuba za siku ya kupanda miti. Kwanza, si kila mti unafaa. Mtiki ni mali, lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani miezi ile ile tunayohitaji kivuli. Mkaratusi unakua haraka na unatoa nguzo, lakini kivuli chake ni chepesi na kiu yake ni kubwa. Kuupanda kando ya Enyau ni kuualika mgeni mlevi kwenye mtungi wa pombe. Mwembe, mwarobaini na aina nyingi za mikuyu hufaa zaidi mjini. Pili, mti uliozungushiwa saruji hadi kwenye shina haupati maji, kwa hiyo kazi ile ya mvuke inapungua sana hata kama majani bado yapo. Tatu, kipimajoto cha kawaida kinaweza kudanganya. Ukikiweka chini ya mwembe na kingine juani, vyote vimekingwa kama wataalamu wanavyotaka, tofauti ya joto la hewa inaweza kuwa nyuzi moja au mbili tu, na mhandisi wa barabara akacheka akasema, kumbe ndiyo hiyo? Lakini mtu hapigwi na hewa peke yake. Anachomwa na miale ya jua na anachomwa na joto linalotoka kwenye lami na ukuta. Ndiyo maana watafiti hutumia kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi, na hapo tofauti kati ya kivulini na juani inakuwa kubwa mno.

Kanuni zenyewe za kaboni zina walakini. Nyingi zilitengenezwa kwa kukata na kupima miti ya msituni, iliyobanana na kurefuka kutafuta mwanga. Mwembe wa uani haukui hivyo. Unatanuka, unapunguzwa matawi kila mwaka ili usiguse nyaya au paa, na shina lake pengine lina uwazi ndani. Nani atatupatia tarakimu sahihi za mwembe wa Ayivu? Hazitapatikana Brazil.

Kazi hiyo inawezekana na imefanywa kwingine. Mwaka 2011 watafiti walichapisha hesabu ya mji wa Leicester, Uingereza. Leicester tunaujua; ni mji uliowapokea wengi wa Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin, ambaye Koboko tunamwita mtoto wa nyumbani, upende usipende. Watafiti walipima mimea ya bustani za watu, viwanja na kando za barabara, wakakuta mji ule umehifadhi tani 231,521 za kaboni juu ya ardhi, na zaidi ya asilimia 97 imo ndani ya miti. Ilikuwa karibu mara kumi ya makadirio yaliyokuwa yakitumiwa na taifa lao, kwa sababu makadirio yale yalichukulia kwamba bustani za mjini hazina kitu. Kama Waingereza, wenye ramani ya kila kichochoro, walikosea mara kumi, sisi tusioandika chochote tuko wapi?

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu mji unakula miti ya mbali vilevile. Mwaka 2017 FAO na UNHCR walipima matumizi ya kuni katika makazi ya Bidibidi wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti 2016 kuwapokea ndugu zetu wa Sudan Kusini. Walikuta kila mtu anatumia wastani wa kilo 3.5 kwa siku, na makazi yote, yaliyokuwa na watu wapatao 272,000, yanatumia tani 952 kila siku ya Mungu. Wakaonya kwamba kwa mwendo huo miti ya ndani na ya kando ya makazi ingeweza kwisha katika miaka mitatu. Sisemi hivyo kuwanyooshea kidole wakimbizi. Sisi wenyewe miaka ya 1980 tulikuwa tukikata kuni za watu wa Yei, Aba na Aru, na hawakutufukuza. Tena kabla ya Bidibidi, tumbaku yetu ilikuwa imekwisha kukausha vilima vingi kwa moto wa mabanda. Na mbao za mtiki zinazoshushwa Koboko na Arua kutoka Loka, na mbao za Congo zinazopita njia zetu za mpakani, ni misitu ya majirani inayosafiri kwa lori. Takwimu za taifa zinasema misitu ilifunika kama asilimia 24 ya Uganda mwaka 1990, na mwaka 2015 ilibaki asilimia 9. Wengi wetu tulikuwa ndio kwanza tumerudi nyumbani hesabu hiyo ilipoanza.

Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Amri ni nzuri. Lakini jiko la mjini linaendelea kutaka mkaa, na mkaa wa mbali ukizuiwa barabarani, mti wa karibu ndio unaotazamwa kwa jicho la husuda.

Sheria tunayo. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inasema hifadhi ya msitu haiwezi kuondolewa kwa barua ya ofisa. Inatakiwa idhini ya Bunge, tathmini ya mazingira, na eneo jingine la ukubwa au thamani isiyopungua litangazwe kuwa hifadhi wakati huo huo. Wanaoitolea macho ardhi ya Barifa, ambayo vijana wanaijua zaidi kwa uwanja wa mpira, wakumbushwe hilo. Nairobi ilibidi Profesa Wangari Maathai apigwe na wahuni mwezi Januari 1999 ndipo msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, uokolewe mikononi mwa wajenzi. Leo wakazi wa Nairobi wanalipa kiingilio kwenda kutembea humo.

Lakini sheria hiyo inalinda hifadhi. Mwembe wa kando ya barabara hauna Bunge. Mwaka 2013 serikali ilianza mpango wa miundombinu ya manispaa unaoitwa USMID, na Arua ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 za mwanzo. Barabara tulizopata tunazishukuru, kama tunavyoishukuru lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iliyofupisha safari ya kila mfanyabiashara. Ombi langu ni kwamba kila mkataba wa barabara mpya uwe na ukurasa mmoja wa miti: ipo mingapi, inakatwa ipi, na nani atamwagilia itakayopandwa badala yake kwa miaka mitatu. Neno la mwisho ndilo muhimu. Nilikosoma mimi, upande wa Zaire ya Mobutu, kulikuwa na salongo, kazi ya lazima, na wanafunzi tulipandishwa miche mpaka mikono ikachubuka. Hakuna aliyerudi kuhesabu iliyopona. Sherehe zetu za leo zimerithi tabia hiyo hiyo: mgeni rasmi anapanda, kamera zinapiga, mbuzi anamalizia.

Yako mengine ambayo tufe jeusi halipimi. Waliorudi kutoka Zaire na Sudan wanakumbuka jinsi tulivyotambua viwanja vya wazee wetu. Nyumba zilikuwa zimeanguka, njia zimefunikwa na majani. Tulitafuta makaburi na miembe. Mzee alisema, mwembe huu aliupanda fulani, mpaka wetu unafika kwenye ule mkuyu, na majirani wakakubali. Familia nyingi za Ayivu na Koboko mpaka leo hazina hati, zina miti. Jiji linapopanuka na bei ya kiwanja kupanda, anayeuangusha mkuyu wa mpakani usiku hatafuti mkaa. Orodha ya miti yenye mahali, aina na mzingo, iliyotiwa sahihi na mwenyekiti wa kijiji, ingekuwa shahidi mbele ya baraza la ardhi.

Koboko ina nafasi ambayo Arua inaipoteza. Mji wake bado ni mdogo, na mitaa mingi haijafunikwa saruji. Ikianza sasa, inaweza kuacha ukanda wa miti kuanzia mjini hadi Oraba kabla bei ya ardhi haijawatia watu wazimu.

Nani afanye kazi hiyo? Arua ina Chuo Kikuu cha Muni tangu 2013, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi kiko jirani. Kutoka nje pia watakuja wanafunzi wa uzamivu, na wakaribishwe. Ila tumechoka na mgeni anayekuja na dodoso, anapima, anauliza maswali hadi chakula cha mchana kinaungua, kisha anaondoka na kitabu chake kinawekwa kwenye maktaba ya Ulaya ambayo diwani wa Ayivu hataiona maishani. Vibali vya utafiti nchini vinatolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Baraza hilo liweke sharti: anayepima miti ya Arua au Koboko aache nakala ya vipimo vyote Muni na katika ofisi ya jiji au manispaa, mti kwa mti, si muhtasari wa kurasa mbili.

Wakati tunawangoja, hatua ya kwanza haihitaji shahada. Inahitaji kamba, utepe wa kupimia, daftari na mtoto anayejua kugawanya kwa 3.14. Shule zetu zina watoto hao kwa mamia, na miti ya kwanza kupimwa iko kwenye viwanja vya shule zenyewe. Wanafunzi wangu wako tayari kuanza muhula ujao. Kinachokosekana ni barua ya karani wa jiji inayoturuhusu kutoka nje ya lango la shule na kuendelea na barabara.